Kuku Halali, Mwenyewe Haramu

Jumapili ile wazee wa Saumu walipokuja kuona ninapokaa, nilifagia nyumba mara tatu na bado ilibaki nyumba ya laini. Hizi nyumba za wafanyakazi wa chai zimepangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, zote zinatazama majani. Chumba kimoja, pazia katikati. Nyuma kitanda na jiko, mbele viti vya kuazima. Waliochora nyumba hii hawakufikiria kwamba mtu anayelala humu anaweza siku moja kupata wakwe.

"Omariba, acha kufagia," dada yangu Phelis alisema. "Utafagia mpaka simiti iishe."

"Wanafika saa ngapi?"

"Wewe ndiye uliwaalika, unaniuliza mimi?"

Saumu alikuwa nyuma ya pazia anakata nyanya. Kwa kawaida mwanamke haji kwa bwana siku ambayo wazee wake wanakuja kumkagua, lakini Saumu hakuwa msichana wa jana. Alikuwa na miaka thelathini na sita, ana kibanda chake cha chai na mandazi pale Litein, na aliwahi kuolewa, ndoa ambayo hakupenda kuisimulia. Alikuja mapema kwa boda boda, amepakata bakuli la viungo, kwa sababu, alisema, hawezi kumwamini Mkisii na pilau.

"Baba Mongina," akaniita.

Mongina ni binti yangu, ameolewa Silibwet. Mbele ya watu Saumu ananiita hivyo. Tukiwa wawili ananiita Eliakim. Tangu Mellen afe, hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kuniita Eliakim.

"Naam."

"Huyu kuku alichinjwa na nani?"

"Abdi."

"Abdi gani?"

"Abdi wetu wa laini ya pili. Si uliniambia nitafute Mwislamu, nisichinje mwenyewe?"

"Alisema bismillahi?"

"Nilikuwa naenda kutafuta viti, nikamwachia kuku na kisu. Lakini Abdi si mtoto, amechinja miaka mingi."

Pazia likasogea kidogo. Nikaona jicho moja na nusu ya tabasamu. "Haya. Usisahau kuwanawisha wageni mikono."

Jicho moja tu, lakini nilisimama pale na ufagio kama mtu aliyesahau ametoka wapi.

Tulijuana kwa sababu ya chai. Mimi ni Msabato, na kanisa letu linafundisha kwamba chai si nzuri kwa mwili. Na mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa nanyausha majani ya chai kiwandani. Wakubwa wa kampuni wanasema chai ndiyo uhai wangu, wakubwa wa kanisa wanasema chai ni tamaa ya mwili, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nina kiu. Mwaka mmoja baada ya kumzika Mellen nilinyeshewa Litein, nikakimbilia kibanda cha kwanza nilichoona. Mwanamke mwenye mtandio wa kijani akaniwekea kikombe bila kuniuliza. Nikakiangalia tu.

"Unaogopa nimeweka sumu?" akasema.

"Mimi ni Msabato."

"Na mimi ni Saumu. Kunywa, unatetemeka."

Nikanywa. Kesho yake nikarudi, na hakukuwa na mvua.

Mellen wangu alikufa kwa sababu gari la wagonjwa la kampuni lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa mkubwa aliyeenda kucheza gofu. Walisema ndiyo sheria, gari halitoki bila ruhusa yake. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kuna sheria, kwanza namwangalia viatu.

Basi saa saba wakafika. Mbele alitangulia Mzee Rajabu, baba mdogo wa Saumu, aliyeendesha malori miaka thelathini mpaka mgongo ukakataa. Tumbo lake liliingia kwanza, kicheko kikafuata. Nyuma yake Maalim Twaha, baba mkubwa, mwembamba, anayesomesha watoto Kurani Kericho mjini. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi juu ya nyufa. Nikavisamehe.

Kwa upande wangu nilikuwa na Mzee Nyamweya peke yake, mzee wa kanisa letu. Ndugu zangu wa damu walikataa kutoka Kisii. Walisema hawawezi kupanda gari kwenda kushuhudia mtu akipotea. Nyamweya alikubali upesi mno, na nilipaswa kujiuliza kwa nini.

"Karibuni, wazee. Karibuni kwangu, ni kadogo."

"Kadogo ni kaburi," Mzee Rajabu akasema, akaketi, kiti kikalia. "Hapa pana dirisha."

Tukanawa, Phelis akaleta sinia. Pilau ilinukia mpaka jirani akazima redio. Maalim Twaha aliangalia nyama, kisha akaniangalia mimi.

"Kijana, utanisamehe. Nani alichinja?"

Nina miaka arobaini na nane, lakini mbele ya wakwe kila mtu ni kijana. "Abdi, Maalim. Ni jirani."

"Alhamdulillahi," akasema, akakunja mkono wa kanzu.

Tulikula vizuri. Hata Nyamweya alilegea. Mzee Rajabu alimuuliza kama ni kweli Wasabato hawali nguruwe.

"Hatuli. Wala damu. Wala samaki asiye na magamba."

"Na pombe?"

"Hapana kabisa."

"Sasa nyinyi si ni Waislamu tu, mmesahau kofia nyumbani?"

"Ni nyinyi mliokosea siku," Nyamweya akajibu. "Mngekuja Jumamosi tungewapokea."

Tukacheka wote. Nyuma ya pazia nikasikia Saumu anacheka, ile sauti ya chini anayoifunika na kiganja. Nilifumba macho kidogo nikajiona katika meza hii miaka kumi ijayo, kila mtu na Mungu wake na sinia ni moja. Ujinga wa mtu mwenye furaha hauna dawa.

Mlango ukabishwa, na kabla sijajibu ukafunguliwa.

"Chamgei! Pwana asifiwe, watu wa Mungu!"

Alikuwa Abdi, na salamu ya lugha ya kwao, na lafudhi ya kwao ya kugeuza b kuwa p, na kofia yake ya kushonwa, mikono imefunguliwa kama anataka kutukumbatia wote.

Mkono wa Maalim Twaha ulisimama hewani na kipande cha paja.

"Nimekuja kuchukua shingo," Abdi akaendelea. "Omariba, si ulisema nikichinja utaniwekea shingo?"

"Wewe ndiye Abdi?" Maalim akauliza polepole.

"Ndiyo mimi, mzee."

"Na unasema Bwana asifiwe?"

"Kila siku! Mimi ni shemasi. Kanisa letu liko hapo chini karipu na daraja."

"Jina lako la nyumbani ni nani?"

"Kiptanui."

"Na hii kofia kichwani?"

Kiptanui akaishika kama ndiyo kwanza anaiona. "Hii? Hii ni ya paridi, mzee. Hapa kwetu ni paridi sana."

Mungu ni shahidi, sikujua. Sisi wote wa laini hatukujua. Huyu mtu alichunga ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja Msomali huko Chebunyo miaka sita. Akarudi na ile kofia na jina la Abdi, na sisi tukamwita hivyo mpaka jina likakaa. Kanisani alikuwa anaenda kwenye ibada ya lugha ya kwao, hatukuwa tunaenda naye. Ni nani anayemuuliza jirani dini yake wakati jina limeshamjibia?

"Ndugu yangu," Mzee Rajabu akamwambia, bado anatafuna, "hebu tuambie. Ulipomchinja kuku ulisema nini?"

"Nilisema kwa jina la Yesu. Mimi siwezi kumwaga tamu bila kuompa."

Maalim Twaha aliweka lile paja kwenye sinia, akainuka, akatoka nje. Tulimsikia anatema, anaomba maji, anasukutua. Kiptanui akatuangalia mmoja mmoja.

"Nimekosea nini, Omariba?"

"Nenda, Kiptanui. Nitakuletea shingo."

Pazia lilikuwa limetulia kabisa. Afadhali Saumu angepiga kelele. Maalim aliporudi ndevu zilikuwa zinadondosha maji.

"Rajabu, unaendelea kula?"

"Kuku ameshafika tumboni, kaka. Unataka nimwite arudi?"

"Hiki ni kibudu! Hakikutajiwa jina la Mungu!"

"Mwenyezi Mungu ametuhalalishia chakula cha watu waliopewa Kitabu. Hawa ni watu wa Kitabu. Mimi nimekula kwa Wakristo kutoka Mombasa mpaka Malaba, na Mungu ameniacha hai."

"Wametaja jina la mwingine! Umesikia kwa masikio yako."

"Nabii Isa si mwingine, ni mtume wa Mungu huyo huyo."

"Mtume hachinjiwi, Rajabu! Usinifundishe dini uliyoisomea kwenye lori."

"Na wewe usinifundishe safari uliyoisomea msikitini."

Walikuwa wamesahau kama kuna mtu mwingine chumbani. Mmoja alitaja mwanachuoni huyu, mwenzake akataja yule. Nyamweya aliwaangalia akichezesha kijiti cha meno, kama mtu anayetazama mpira wa timu mbili zisizo zake. Mimi nikaona mwanga. Mtu mwenye njaa huona chakula hata kwenye mchoro.

"Mzee Rajabu," nikasema, "niulize?"

"Uliza, mwanangu."

"Unasema kuku wangu ni halali kwa sababu mimi ni mtu wa Kitabu."

"Kwa maoni yangu, ndiyo."

"Na mwanaume Mwislamu anaweza kuoa Mkristo?"

"Imeruhusiwa."

"Na Mkristo akibaki hivyo hivyo, haachi dini yake?"

"Hivyo hivyo. Halazimishwi."

"Basi mimi nikimwoa Saumu hivi nilivyo, kuna ubaya gani?"

Kaka na mdogo wake wakaangaliana. Hawakuwa wamekubaliana jambo lolote tangu waingie, lakini hapo sauti zilitoka pamoja.

"Hapana."

"Hata kwetu hapana," Nyamweya akaongeza. "Neno linasema msifungiwe nira na wasioamini."

"Sisi ndio wasioamini?" Maalim akamgeukia.

"Kwani sisi ndio nani?"

"Ngojeni," nikasema. Sauti yangu ilipanda bila ruhusa. "Ngojeni kwanza, wazee. Kuku wangu anaingia, mimi nabaki nje. Kuku ni halali, mwenyewe haramu. Ndivyo sheria inavyosema?"

Phelis alicheka nyuma ya pazia, kisha akanyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo.

"Si sheria yangu, kijana," Maalim Twaha akasema, na alisema kwa upole, hilo lazima nimpe. "Mwanamke akiolewa anafuata nyumba. Tunaogopa atachukuliwa."

"Nimchukue nimpeleke wapi? Mimi mwenyewe hapa nimewekwa."

Mzee Rajabu akapangusa mikono, akanishika goti. "Mwanangu, usipande juu. Tumekuja kwa sababu msichana wetu anakupenda, macho tunayo. Dawa ni nyepesi. Silimu. Sema shahada, ni sentensi mbili tu, hata leo hapa tulipo. Ijumaa tunakuozesha. Ndani ya moyo wako hakuna mtu atakayefunua sufuria aone kunapikwa nini."

"Rajabu!" Maalim akasema.

"Nini? Watu wangapi wameingia kwa mlango wa ndoa, leo wanaswali kuliko sisi?"

"Na wangapi wametoka kwa mlango huo huo? Saumu ameshapitia hayo. Huyu asome kwanza. Mwaka mmoja, miwili. Akiamini, aje. Asipoamini, tusimdanganyie Mungu."

"Miaka miwili atakuwa mzee!"

"Ndugu Omariba," Nyamweya akaingilia, na sasa nikajua kwa nini alikubali kuja upesi. "Nisikilize mbele ya hawa mashahidi. Ukitamka hayo maneno, Sabato ijayo jina lako linasomwa na kufutwa. Na ukoo wenu umenituma nikwambie, wewe hutazikwa pale nyumbani. Kando ya Mellen patabaki wazi. Watakuzika hawa, huku ugenini."

Nilikuwa nimejenga ua kuzunguka lile kaburi kwa mikono yangu, na upande wa kushoto niliacha nafasi ya mtu mmoja. Hata nafasi hiyo imepata wakubwa wa kuitolea ruhusa.

"Nitasema," nikamwambia Mzee Rajabu.

"Maashallah!"

"Nifundishe hayo maneno."

"Fuata ninavyosema. Ash-hadu..."

"Baba Mdogo, ngoja."

Saumu alikuwa ametoka. Alisimama kwenye pazia, ameshika kitambaa cha sufuria, mkono mmoja una nyanya. Alikuwa amejifunga mtandio ule wa kijani.

"Naomba niongee na Baba Mongina," akasema. "Hapo nje tu, kwenye tangi la maji. Mnatuona."

Maalim Twaha alitaka kukataa, nikaona. Kisha akatikisa kichwa kukubali. "Mlango ubaki wazi."

Tukatoka. Mbele yetu majani ya chai yalishuka bonde lote, yamekatwa sawa. Wingu la saa tisa lilikuwa limeshakaa juu ya vilima. Alisimama upande mmoja wa tangi na mimi upande mwingine. Kati yetu mfereji ulidondosha tone baada ya tone.

"Unataka kusema shahada," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Hujui sababu? Ni wewe."

"Basi usiseme."

"Saumu, mzee wako mwenyewe ndiye..."

"Wanyonyi pia alisema."

Hilo ndilo lilikuwa jina la mume wake. Hakuwahi kulitaja mbele yangu.

"Alikuwa Mkristo kama wewe," akaendelea, akiangalia mfereji. "Alisema Ijumaa, akanioa Jumamosi. Watu walilia kwa furaha. Baada ya miaka miwili akarudi kanisani kwao. Hakuniacha, hakunichukua, alirudi tu. Nikamuuliza maalim mmoja, akasema ndoa ilivunjika dakika ile aliyorudi. Mwingine akasema kaa eda, subiri miezi mitatu, labda atatubu. Mwingine akasema bila talaka mimi bado ni mke wake. Na kila mmoja ana kitabu, Eliakim, na kila mmoja ananifungulia ukurasa. Mumias nilikuwa mke wa mtu. Kisumu nilikuwa kwenye eda. Kericho nilikuwa huru. Na mwili ni huu mmoja! Miaka minne, mpaka kadhi akaniandikia barua kwamba niko huru."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kila ukija unakuja unacheka."

Nilitaka kuzunguka lile tangi. Nilipiga hatua moja, akainua kiganja. Nyanya bado ilikuwa mkononi.

"Mimi si Wanyonyi."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa kwako nakata nyanya."

"Basi tuwaache wote. Twende Bomet mjini, kwa ofisi ya serikali. Hawaulizi dini. Tunaweka sahihi, tunatoka."

Akatabasamu, na hilo tabasamu liliniumiza kuliko kukataa. "Nimefikiria hilo. Usidhani sijafikiria. Nilikuwa nimeanza hata kuchagua nguo."

"Sasa?"

"Serikali haitaniosha nikifa."

Nikaitazama ile nyanya mkononi mwake.

"Mama yangu aliosha maiti za wanawake wetu miaka yote," akasema. "Alinifundisha. Maji ya kwanza, ya pili, karafuu maiti. Najua mikono itakayoniosha ni ya nani, nawajua kwa majina. Nikiolewa nje yao hawatakuja. Labda wamekosea. Labda kuna maalim mahali anayesema waje. Lakini siwezi kuanza tena kuzunguka na mfuko uliojaa barua nikitafuta maalim atakayenikubalia."

"Kwa hiyo nisiposema nimekukosa, na nikisema umenikataa."

"Ukisema kwa ajili yangu, ndiyo."

"Na nikisema kwa ajili ya Mungu?"

Hapo akaniangalia. Alikuwa na macho ambayo hayakimbii, hata siku ile ya mvua niliyaogopa. Nikaona anatamani. Nikaona kabisa kwamba anatamani niseme jambo fulani, na anaogopa nitalisema.

"Nitakuuliza kitu kimoja," akasema polepole. "Ukiwa peke yako, umeshikwa na hofu, hakuna Nyamweya, hakuna Baba Mkubwa, hakuna mimi. Unamwita nani?"

Nilijua jibu linalofaa. Ningesema "Mungu." Neno moja, la watu wote, halina dini. Mzee Rajabu angelipokea kwa mikono miwili. Ijumaa ningekuwa na mke, na jioni za mvua ningekuwa na mtu wa kuniwekea kikombe. Ulimi wangu ulikuwa umeshagusa meno kulisema.

"Usinijibu kama Baba Mdogo," akasema kwa sauti ya chini. "Nijibu kama Eliakim."

Tone likadondoka. La pili. La tatu.

"Yesu," nikasema. "Siku ya Mellen nilimwita mpaka sauti ikaisha, na hakuitika. Nina kesi naye kubwa. Lakini nikishtuka bado ni yeye. Hakuna jina lingine linalotoka."

Saumu alifunika mdomo na kiganja, kama anavyofunika kicheko, lakini safari hii haikuwa kicheko. Mabega yalitikisika. Nilisimama upande wangu wa tangi mikono imening'inia, mwanaume mzima wa kilo themanini, sina la kufanya.

"Unaona sasa," akasema alipoweza. "Ungenidanganya ningejua, na ningekuchukia, na ingekuwa rahisi."

"Naweza kubadilika. Naweza kusoma, kama Maalim anavyosema. Mwaka mmoja."

"Soma ukitaka. Lakini usinisomee mimi." Akapangusa uso na ncha ya mtandio. "Na Eliakim... usije kibandani. Nakuomba. Ukija nitakuwekea chai, na nikikuwekea chai nitakuambia sema chochote, uongo wowote, mradi ukae. Mimi si wa chuma."

"Usiniambie hivyo halafu uondoke."

"Nikikuambia nini ndiyo utaniacha niondoke?"

Akaiweka ile nyanya juu ya kifuniko cha tangi, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Akanipita. Alipita karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya iliki kwenye nguo zake, na mkono wangu ukainuka wenyewe ukarudi wenyewe.

Ndani aliwaambia wazee wake maneno machache ambayo sikuyasikia. Mzee Rajabu alitoka na viatu amekanyaga visigino, uso umeanguka. "Sentensi mbili, mwanangu," akaniambia. "Mbili tu." Akatikisa kichwa akaenda kusimama barabarani.

Maalim Twaha alibaki nyuma. Alinipa mkono, nami nikaupokea.

"Msichana ameniambia ulichojibu," akasema.

"Ndiyo, Maalim."

"Ungetudanganya ungemwoa."

"Najua."

Akaushikilia mkono wangu muda mrefu kuliko salamu. "Nimewasilimisha watu wengi," akasema. "Sijui wangapi wangejibu hivyo." Halafu akainama akafunga kamba ya kiatu, akaenda, Saumu nyuma yake.

Nilirudi ndani. Sinia lilikuwa pale pale, pilau imeganda pembeni. Mzee Nyamweya alisimama, akanikumbatia mabega mawili, macho yanang'aa kwa furaha.

"Umesimama imara, ndugu! Nimewaona wanaondoka. Shetani ameaibika. Jumamosi utakuja mbele ya kanisa utoe ushuhuda, vijana wasikie."

"Ushuhuda gani?"

"Jinsi ulivyomkataa yule mwanamke kwa ajili ya imani!"

Nilimwangalia. Alikuwa na punje ya wali kwenye tai.

"Mzee Nyamweya," nikasema, "chukua kofia yako."

"Nini?"

"Kofia yako hiyo, juu ya kiti. Ichukue uende."

"Omariba, mimi ndiye nilisimama na wewe wakati ndugu zako..."

"Nimekuambia nenda. Na Jumamosi nitakuja kanisani, nitakaa pale ninapokaa siku zote. Lakini ukilitaja jina la Saumu hapo mbele, nitasimama nikuulize mbele ya watu wote ni nani alikutuma na habari za kaburi la mke wangu."

Akachukua kofia akatoka, hakuaga hata Phelis.

Nilisimama katikati ya chumba. Mvua ilianza, ile ya matone makubwa machache yanayopiga bati kabla ya mvua yenyewe kuja. Chini kwenye njia niliwaona watatu: kanzu, tumbo, na mtandio wa kijani nyuma yao. Hakuwa amebeba mwavuli. Hakugeuka.

Phelis alitoka nyuma ya pazia, amejifunga leso kiunoni. Hakusema pole, dada yangu ana akili. Aliangalia mvua inavyoanza kuingia ndani, akashika mlango.

"Nifunge?"

"Ngoja," nikamwambia. "Hawajafika kwenye kona."